Mguu wa Sindano: Maisha ya Marselino Leonardi Chilumba, 1945–1984

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wa Keko Rovers mliofurika hapa kutushinda sisi wa damu, haya ndiyo maisha ya Marselino kama familia inavyoyajua. Yameandikwa na dada yake anayemfuata, Anastasia, na ndiye anayeyasoma. Mengine mnayajua. Mengine mnadhani mnayajua, na hayo ndiyo marehemu aliyoagiza yasemwe leo, maana siku zote alipojaribu kuyasema mwenyewe alikatizwa.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1945 katika kijiji cha Mwena, karibu na Ndanda, wilaya ya Masasi, mtoto wa kwanza wa Leonardi Chilumba na mkewe Margareta. Mwaka 1951 baba yake alikuja Dar es Salaam kutafuta kazi ya ukuli bandarini, akapata chumba Keko, na mwaka uliofuata akaileta familia. Marselino alifika mjini akiwa na miaka saba, na kitu cha kwanza alichouliza ni kwa nini watoto wa hapa wanacheza mpira barabarani wakati kuna mchanga tele.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1953 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1960. Masomo yalikuwa ya wastani, tusidanganyane. Alikuwa pia mtumishi wa altare, na wazee wa kanisa bado wanasimulia Dominika moja wakati wa Injili, watu wote wamesimama kimya, mpira wa matambara aliouficha chini ya kanzu ukamponyoka ukaanza kubingirika kuelekea ngazi. Marselino hakugeuza hata shingo. Alinyoosha mguu nyuma, akaunasa kwa kisigino, akaurudisha chini ya kanzu, mikono yake bado ameikutanisha kifuani. Padre alimpa adhabu ya kufagia kanisa mwezi mzima, halafu Jumatatu akamwita kando amwonyeshe alivyofanya.

Alijiunga na Keko Rovers mwaka 1964, winga wa kulia, na hapo ndipo mlipompa jina la Sindano kwa jinsi alivyokuwa akipenya. Msimu wa 1966 alifunga magoli tisa. Familia ina uhakika, kwa sababu mama yake alikuwa akichora alama kwa mkaa nyuma ya mlango kila timu iliporudi ikiimba, na alama zilikuwa tisa. Leo ukikaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa Temeke utaambiwa thelathini na moja, na utahadithiwa lile goli la Mombasa alilowapiga chenga watu wanne na kipa. Mombasa hakuwahi kufika. Lakini tisa pia si haba kwa kijana wa miaka ishirini na moja, na mwaka uliofuata tukapata habari kwamba mchaguzi wa timu ya Taifa atakuja kumtazama. Baba yake, mtu asiyependa makeke, alikwenda kununua viatu vipya ili siku ya kumsindikiza uwanja wa ndege asimtie mwanawe aibu.

Mechi ilikuwa Jumapili tarehe 22 Oktoba 1967, Rovers na Gerezani Wanderers, uwanja wa Ilala. Asubuhi Marselino alikwenda misa ya kwanza, akala viazi vitamu na chai ya rangi, na hakuwa akiumwa popote. Walipofika uwanjani kamati ya timu ikasema lango limechezewa, kuna vitu vimefukiwa, mchezaji wa Rovers asipite pale. Kamati ya timu nyote mnaijua, haikuwa ya kupanga nauli. Wachezaji wakazungushwa nyuma, wakaambiwa waruke ukuta mmoja mmoja, mguu wa kulia utangulie, na mtu asigeuke kutazama alikotoka. Aliyetoa amri hiyo ni katibu wa klabu, Mzee Ansbert, ambaye yuko nasi hapa, na Anastasia anampa shikamoo yake kabla ya kuendelea.

Marselino hakuyaamini mambo hayo. Lakini alikuwa na kasoro moja, akafa nayo: hakujua kumkatalia mtu anayempenda. Akaruka, wa mwisho. Chini ya ukuta kulikuwa na mtaro wa saruji uliomomonyoka kingo, mguu wa kulia ukatumbukia humo, na mfupa ukalia. Yeye aliusikia, na Mzee Ansbert aliyekuwa bado amekaa juu ya ukuta aliusikia. Akashuka, akamfunga kitambaa chenye dawa, akamwambia kitashika mpaka mwisho wa mchezo, na asimwambie mtu, wala wenzake, kwani habari ikivuja dawa ya timu nzima inaharibika. Marselino akaitikia, akaingia uwanjani.

Alicheza dakika kumi na moja. Akaletewa mpira pembeni, na beki wa Gerezani, kijana wa huku huku Temeke aitwaye Jabiri, akaja kumzuia. Jabiri alikuwa bado hatua nzima mbali naye mguu ulipokataa wenyewe, na Marselino akaanguka mbele yake. Refa hakupiga filimbi, kwa sababu hakukuwa na kosa la kupigia. Lakini uwanja mzima uliona Sindano yuko chini na Jabiri amesimama juu yake, na walichokiona ndicho walichorudi nacho nyumbani.

Badala ya hospitali, wakubwa wa klabu walimpeleka kwa fundi wa mifupa Mbagala, akakaa huko wiki sita. Alirudi na mguu mfupi kwa upana wa vidole viwili. Mchaguzi wa timu ya Taifa alikuwa ameshaondoka na majina mengine, na viatu vya baba vikavaliwa kazini bandarini mpaka vikaisha. Marselino alikuwa na miaka ishirini na miwili, na mpira ulikuwa umekwisha.

Sasa tuje kwa yaliyomfika Jabiri. Mechi ya kwanza aliyocheza baada ya hapo alitupiwa mawe. Ya pili hakuimaliza. Mwaka 1968 akaacha mpira, na wala haikusaidia. Mtaani kwake hakuna aliyemsalimia, wanawe waliitwa watoto wa mvunja mguu, na mkewe akifika bombani wenzake wanaziba foleni. Dada wa marehemu hasemi haya kwa kusikia. Alikuwamo kwenye foleni hiyo, na siku moja alimwaga ndoo ya maji ya yule mama mbele ya watu, wakamcheka pamoja. Aliporudi nyumbani akajisifu. Marselino alikuwa amekaa kitandani ameunyoosha mguu, na hapo kwa mara ya kwanza akavunja ahadi aliyompa Mzee Ansbert, akamweleza habari ya ukuta yote. Anastasia hakurudi bombani siku hiyo. Wala hakwenda kumwomba radhi yule mama, na lile linamkaa kooni hadi leo.

Mwaka 1968 marehemu aliajiriwa katika kiwanda cha nguo Ubungo, kwanza kwenye mitambo ya kufuma, kisha, mguu uliposhindwa kusimama zamu nzima, akawekwa getini. Alikuwa mlinzi mpole. Wafanyakazi wakiingia zamu walisimama kwanza wamsimulie goli lake mwenyewe, na msimamizi wao akilalamika wanamwambia walikuwa na Sindano. Kwenye foleni ya sukari watu walimsukuma mbele, mpisheni Sindano, mpisheni, na yeye anarudi nyuma, nao wanamsukuma tena, mpaka akaacha kwenda na kazi hiyo akaichukua mkewe.

Mkewe ni Bernadeta Nandonde, aliyefunga naye ndoa Jumamosi tarehe 28 Juni 1969. Walipotoka kanisani nyinyi wa Rovers mlimnyanyua bwana harusi mabegani, mkaondoka naye mkiimba hadi Keko, bibi harusi akabaki nyuma na dada zake anatembea mchangani ameshika gauni. Bernadeta alilicheka jambo hilo miaka yote, ila alikuwa akisema tangu siku ile alijua kwamba ameolewa na mume wa watu. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Marselino alijaribu kuusema ukweli, na alijaribu hadharani. Mwaka 1971, kwenye mkutano wa klabu wa kujadili kama jina la Rovers libadilishwe kuwa Shime, alisimama mbele ya wanachama wote akasema Jabiri hakumgusa, alivunjika wakati wa kuruka ukuta. Mzee Ansbert akainuka, akamshika bega, akasema, "Mnaona moyo wa Sindano? Hata aliyemvunja anamtetea." Watu wakapiga makofi, wengine wakatoa machozi. Na kesho yake mlango wa Jabiri ukapakwa mavi, kwa hasira ya kwamba mtu mwema kiasi kile ndiye aliyevunjwa. Jabiri akahamia Vingunguti, akapata kazi ya kuchuna ngozi machinjioni. Marselino akaona kwamba kila akimtetea anamzidishia, akanyamaza miaka kumi na moja.

Jumapili moja ya Agosti 1982 alishindwa kunyamaza, akamfuata Jabiri machinjioni kumwomba radhi. Alikuwa amejipanga maneno tangu nyumbani. Jabiri alinawa mikono, akamletea kigoda, na kabla mgeni hajafungua mdomo akaanza yeye.

"Kaka, afadhali umekuja," alisema. "Siku zile nilikuwa nakataa kwa jeuri ya ujana tu. Nilikugusa. Nisamehe."

"Hukunigusa, Jabiri. Mguu niliuvunja ukutani."

"Usinifiche, kaka. Watu wote wale watakuwa waongo?"

Marselino alimwonyesha mahali mfupa ulipovunjikia, akamweleza mtaro, kitambaa, na yule aliyekuwa juu ya ukuta. Jabiri alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa, kisha akamfungia maini kwenye gazeti, akasema ni kidogo lakini ayapokee. Marselino aliyapokea. Alifika Keko, akamkabidhi Bernadeta lile furushi, akalia mbele ya watoto wake. Tangu hapo hakujaribu tena.

Mwezi Mei mwaka huu ule mfupa ulioungwa vibaya ulianza kutoa usaha, na mwezi Julai akalazwa. Daktari alimwambia bila kuficha kwamba mguu ukatwe ili yeye abaki. Marselino alikubali, tena kwa furaha. Alimwambia dada yake kwamba huenda mguu ukishaondoka, watu wa mpira nao watamsahau. Habari ikafika klabuni. Kesho yake wazee wa timu walijaa wodini, wanaume wazima wanalia kwamba mguu ule ni wa Temeke nzima, ukatwe vipi, wapewe wiki mbili tu wamrudie fundi wa Mbagala. Bernadeta alikataa. Anastasia alikataa kwa maneno ambayo hayaandikiki kwenye karatasi ya kanisa. Lakini daktari alimsikiliza mgonjwa, na mgonjwa aliwatazama wale watu wanaompenda, akasema sawa. Wiki mbili zikawa tano. Aliporudishwa hospitali sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu, na hapakuwa na cha kukata tena. Alifariki Jumatano tarehe 5 Septemba 1984, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa.

Alhamisi Jabiri alikuja msibani, amevaa kanzu safi, yuko na mkewe. Wazee wa timu walimzuia kwenye kona, kabla hajaifikia nyumba. Anastasia alipopata habari alitoka mbio bila viatu, akawakuta wameshageuka wanarudi. Alimshika mkono yule mama. Akamwambia Jabiri arudi, kwani wenye msiba ni sisi na sisi tunamtaka.

"Waache, dada," Jabiri alisema. "Mie ndo niliyemuua. Ilichukua muda tu."

Akamchukua mkewe wakaenda zao. Familia inajua kwamba hata sasa, haya yakisomwa, wapo wanaonong'onezana kwamba kweli Sindano alikuwa na moyo wa kipekee, mpaka kaburini anamtetea yule. Jezi mliyoitandaza juu ya jeneza tumeiacha ilivyo, kwa sababu mwenyewe asingewakatalia.

Marehemu ameacha mjane, Bernadeta. Watoto watatu, Yustina, Fransis na Margareta. Mama yake mzazi, Margareta. Dada yake, Anastasia. Na Jabiri wa Vingunguti, ambaye hakumgusa, na ambaye leo hayupo kumtupia udongo.

Mlimpenda sana. Mwacheni sasa apumzike kwa amani.