Mwalimu Alipoifunika Simu kwa Kiganja

Mwangaluka, akina mama. Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo, shikamoo zenu nitazidai tukitoka, maana kwenye kikao hiki nimepewa muda mfupi na mimi nikishika maneno siachii. Majina ya watu sitataja. Waliomo humu watajijua.

Ndugu zangu, nawaambia, kambi nzima ilinicheka. Kisa? Nilikataa kumpeleka binti yangu shule wakati wa mvua. Ile njia ya kutoka kambini kwetu, hapa nje ya Runzewe, mnaijua. Maduara, yale mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wa dhahabu, yako kushoto na kulia. Mvua ikinyesha yanajaa maji, nyasi zinafunika midomo yake, hata mtu mzima anapita akipapasa kwa fimbo. Mtoto wa miaka sita apite pale? Sikutaka, na leo pia sitaki. Aliyeona ni uvivu na aone.

Nikaenda kwa mwalimu nikamweleza. Akasema, "Mama, basi mfundishe nyumbani. Mvua zikikatika nitakuja kumpima. Akisoma, ataingia na wenzake. Asiposoma, atasubiri mwakani."

Nimfundishe kwa elimu ipi? Mimi niliishia la nne, nasoma kwa kusukuma kidole. Lakini kuna dada anachaji simu za watu pale senta, akaniambia mtandaoni vipo vitabu vya hadithi za watoto, vya Kiswahili, bure kabisa. Akanipakulia vingi. Vingine vina sauti: unabonyeza, simu inakusomea. Jamani, nilifurahi! Kila asubuhi nikawa nawatandikia turubai, binti na mdogo wake wa miaka minne, nawawekea hadithi ya mbuzi aliyekula kofia ya jirani, kisha nasogea hatua chache kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kuosha mchanga wake. Karasha linanguruma kutwa, kwa hiyo sauti ya simu niliiweka juu kabisa. Haukupita muda, binti akawa anasoma kidole kikitembea chini ya mistari, hakosei hata neno. Nikatangaza kila mahali. Si mnanijua.

Bibi yao, mama mkwe wangu, akaja kutoka Ushirombo kushuhudia. Alishasema tangu mwanzo: mtoto asiposoma, anawachukua wote wawili wakaishi kwake, shule iko jirani. Na mume wangu, mama yake akisema, amesema. Sasa mimi nililelewa kwa shangazi. Nilibeba watoto wa watu mgongoni mpaka shule ikanipita. Wanangu nisingewatoa, hata angekuja na ukoo mzima.

Siku ikafika. Mwalimu akakaa kwenye benchi, binti akashika simu, akasoma habari za mbuzi, watu wakapiga makofi. Mwalimu akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya simu, akaifunika yote. Mwanangu akaendelea kusoma.

Mmenielewa? Maandishi yamefunikwa, naye anasoma tu! Mpaka mwisho! Watu walicheka wakashika mbavu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Bibi yao hakucheka. Akaniambia, "Ng'wana wane, mwanangu, huyu hasomi, anaimba. Nifungie nguo zao."

Nikamjibu, "Mama, nguo hazifungwi. Nipe mpaka umalize kuvuna mpunga wako."

Mume wangu akaangalia viatu vyake. Bibi akasema, "Mpaka nivune. Siku moja zaidi usiniombe."

Siku chache baadaye nikiwa kazini, akaja mnunuzi wa mawe ya dhahabu. Mwenye mfuko anamwambia, "Angalia haya ya juu, yanawaka." Mnunuzi hata hakuyagusa. Akazamisha mkono akatoa konzi ya katikati, akatoa na ya chini, zikatwangwa, zikaoshwa kwenye karai mbele ya macho yetu. Kazi hiyo naifanya kila siku kwa mawe ya watu. Hapo ndipo nikaelewa. Mtoto wangu mwenyewe nilimpima kwa mawe ya juu, kwa hadithi aliyoikariri kutoka sauti ya simu!

Nikarudi nyumbani nikazima sauti. Binti akalia, "Mama, irudishe!" Nikamwambia, "Hairudi." Nikawa nafungua hadithi katikati, naweka kidole kwenye neno moja: hili linasemaje? Halafu la chini. Halafu ukurasa mwingine kabisa. Asipolijua, tunaliandika kwenye mchanga, silabi kwa silabi. Mchanga wa mtoni, jamani, siyo marudio, ule uliokwisha kuoshwa dhahabu. Marudio yana zebaki, msije mkasema nimewafundisha ujinga. Siku nyingine tulilia wote wawili. Maneno mengine hata mimi yalinishinda, tukayasukuma pamoja.

Kisha asubuhi moja tunakwenda kisimani, naye akasimama ghafla. Kuna kibao kilichochakaa kando ya duara moja. Nimekipita miaka, sijawahi kuhangaika nacho. Akakikazia macho. "Ha... ta... ri. Mama, hatari! Shi-mo. Shimo re-fu." Akanivuta khanga nirudi nyuma. Ndoo niliitupa. Nilikaa chini pale pale njiani nikalia, yeye akidhani nimeumia.

Mpunga ukavunwa, bibi akaja, na mwalimu akaja na kitabu chake mwenyewe. Sikuwa na wasiwasi. Binti alisoma kwa kukwamakwama, lakini kiganja kilipowekwa, alinyamaza. Akasema, "Mwalimu, toa mkono, sioni." Bibi yao ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Namshukuru dada wa kuchaji simu. Namshukuru mwalimu kwa kile kiganja, ingawa siku ile nilimchukia. Namshukuru mama mkwe. Yupo pale nyuma, na asijifiche, kila akija anamwomba mjukuu wake asome. Wenye watoto nyumbani, vitabu vipo, bure, wafundisheni. Ila kaeni nao. Simu hailei mtoto.

Na wale mnaonong'ona kwamba naongeza chumvi, nawaona. Binti huyu hapa. Mama wa kitenge cha kijani, una kitabu mapajani. Mpe. Hapana, siyo mwanzo. Fungua katikati.