Kiguu na Njia na Daftari la Mwoka Mikate

Ndugu waombolezaji, historia hii inasomwa na mdogo wake wa kike, naye atasoma haraka, kwani marehemu hakupenda kusubirishwa.

Kaka yetu, mliyemwita Kiguu na Njia, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akatembea kabla ya kutambaa, au ndivyo mama alivyodai. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1979, sekondari 1985, shahada ya hesabu 1990, na tarehe 2 Septemba 1991 akaajiriwa chuoni kufundisha takwimu. Tarehe 8 Juni 1996 alimuoa wifi yetu, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili.

Masomo ya mtandaoni yalipoanza, mazoezi yakawa ya mtu kujifanyia kwa wakati wake, kaka hakutulia tena, alikula huku akichungulia orodha ya walioingia, akampigia huyu, akamsaka yule, chai ikipoa mezani. Tarehe 6 Novemba 2023 aliona mwanafunzi mmoja, mwoka mikate, hajaingia muhula mzima, na kwa hasira, nayo hasira ni hasara, akamfuta kwenye orodha ya mtihani. Siku ya mtihani dada huyo akaja na daftari lililojaa unga, mazoezi yote kumi na nane ameyajibu kwa mkono, kwani simu yake haikufungua ukurasa, akawa ananakili maswali kwa mwenzake huku mikate ikiwa tanuruni. Alirudishwa mlangoni. Kaka alilia mbele ya mkewe, akaanza kuzunguka ofisi kwa ofisi kumwombea mtihani mwingine, na hata saratani ya kongosho ilipogunduliwa tarehe 3 Aprili 2024, alitoroka wodini mara mbili, barua mfukoni, kandambili miguuni, mpaka chuo kikakubali. Alifariki tarehe 19 Juni, saa kumi alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomrudisha kitandani bila kumgombeza, majirani waliotufungulia milango yao, na wenzake kazini, ambao aliwachosha sana.

Mwoka mikate alitaka kuwa hapa nasi, wifi akamkatalia katakata, kwa kuwa mtihani wake umeanza leo saa tatu, na sasa hivi, tukiwa tumesimama hapa, yumo ndani anaandika.

Pumzika sasa, kaka yetu, kwa amani uliyoihangaikia.