Kinyozi Anakwenda Kuongea

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa kinyozi, na anayekaa katikati ndiye anayebanwa. Spana ni fundi baiskeli. Hakuna jambo la dunia hii ambalo hajawahi kuliona kwenye baiskeli. Takwimu ni mzee aliyestaafu ukarani wa sensa, ila serikali ilisahau kumwambia aache kutuhesabu. Mama Birika ndiye mwenye kahawa, kwa hiyo ndiye mwenyekiti, ingawa hakuna aliyempigia kura. Mimi ni fundi cherehani wa mlango wa pili. Na mwenye ukuta ni Wembe, kinyozi mwenyewe, ambaye asubuhi hiyo hakuwepo. Kufuli lilikuwa mlangoni.

— Siku ya tisa, — alisema Takwimu.

— Jana ulituambia ya nane, — Mama Birika akamjibu. — Sisi wenyewe tungejumlisha.

— Mimi nasema kilichopo. Siku tisa, duka limefungwa, hajaaga mtu.

— Atakuja, — alisema Spana. — Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Wembe hana mwana.

— Ndiyo maana nasema atakuja!

Nieleze kidogo. Wembe alikuwa mtu wa kicheko. Ukipita barabara ya nyuma unakisikia, unajua leo kuna mtu kiti cha moto. Mwaka jana mama yake alifariki. Alikwenda kumzika, akarudi, siku ya tatu akafungua duka. Tukamsifu. Tukasema, mwanamume ndiye huyo. Hatukugundua kwamba kicheko hakikurudi naye. Halafu siku moja alikuwa akimnyoa Takwimu ndevu, upande mmoja umekwisha, akasimama na wembe hewani, akauweka chini, akaketi. Akasema, "Mzee, naomba unisamehe. Nimechoka." Takwimu akaenda nyumbani na nusu ya ndevu. Sisi tulicheka wiki nzima.

Baada ya hapo wakaja watafiti wawili, mwanamke na mwanamume, na vishikwambi vyao. Walikuwa wanapita mtaa kwa mtaa wakiuliza habari za sonona, ile huzuni inayokaa kwa mtu ikakataa kuondoka, na yale maradhi mengine ya hisia ambapo leo mtu yuko juu hashikiki, kesho hawezi kuinuka kitandani. Walituuliza hapo hapo benchini.

— Unakumbuka walivyomuuliza Spana? — nilisema. — "Katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya kufanya mambo?" Naye akajibu, "Mambo gani?"

— Swali halikukamilika! Mtu hawezi kukuuliza hamu bila kutaja chakula.

— Na lile la usingizi?

— Niliwaambia ukweli. Nalala vizuri, mke wangu ndiye halali, kwa sababu yangu.

Tukacheka. Lakini Wembe hakujibu benchini. Aliwaingiza ndani, akafunga mlango, wakakaa mpaka kahawa ya Mama Birika ikapoa mara mbili. Juma lililofuata, Jumanne asubuhi, akavaa shati safi na kutuaga.

— Unakwenda wapi? — tulimuuliza.

— Zahanati. Nakwenda kuongea na mtu.

— Kuongea tu?

— Kuongea tu. Vikao vinane. Ni tiba.

Hapo ndipo tulipokosea. Spana alishika mbavu. Mimi nilisema, "Si uongee hapa, bure na kahawa juu?" Takwimu akauliza kama kuna sindano ya maneno. Wembe naye akacheka, kacheko kadogo ka adabu, akaenda zake. Alikwenda Jumanne nne. Kila aliporudi tulimpokea kwa mzaha mpya. Ya tano hakwenda. Tangu siku hiyo ndiyo mlango ukafungwa.

— Mimi nimelifikiria sana, — alisema Spana, akipuliza kikombe. — Akili ni mnyororo wa baiskeli. Ukikauka mafuta, unaruka meno. Mtu wa sonona ni mtu aliyekauka. Anahitaji mafuta, si maneno.

— Mafuta ya nini?

— Ya kula. Mengi. Ukiona vyaelea vimeundwa, na ukiona vimezama, vimeundwa vibaya.

— Hakuna methali hiyo, — alisema Takwimu. — Watafiti walitaja vihatarishi. Nilikuwa nasikiliza, si kama ninyi. Msiba. Upweke. Kukosa kazi. Ugonjwa wa muda mrefu. Na damu, yaani ukoo wenyewe ukiwa nayo. Sasa mimi nimehesabu. Katika mtaa huu waliofiwa ni wengi, wasio na kazi ndio usiseme, na hawakufunga maduka.

— Asiye na kazi atafunga duka gani? — Mama Birika akauliza.

Takwimu akanywa kahawa.

— Tatizo ni vioo, — Spana akarudi na nguvu mpya. — Ingia mle ndani. Kioo mbele, kioo nyuma. Wembe anajiona mara mia, kila Wembe nyuma ya mwenzake, mpaka wa mwisho ni kama njugu. Mwaka wa kumi na moja huu! Mtu akijitazama hivyo kila siku, lazima mmoja wao apotee. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Nguo usiziingize, — nilisema. — Mimi ndiye ninayezishona.

— Wote hamjui kitu, — alisema Mama Birika, akaweka birika chini, ishara kwamba mwenyekiti anahutubia. — Mawazo yanakaa wapi?

— Kichwani.

— Nywele zinaota wapi?

— Kichwani.

— Basi. Mtu anayekata nywele za vichwa ishirini kwa siku, mawazo ya vichwa ishirini yanampitia mikononi. Sisi tunatoka pale wepesi, shingo imepigwa pauda. Yeye anabaki nayo.

— Na wenye vipara? — Spana akauliza, akimtazama Takwimu.

— Hao hawana cha kumwachia. Huoni Takwimu alivyo mzito?

Spana alicheka mpaka akamwagikiwa. Mimi nilicheka nusu tu. Siku binti yangu alipoondoka nyumbani kwa hasira, mtu wa kwanza niliyemweleza hakuwa ndugu yangu wala shemeji. Alikuwa Wembe. Nilikuwa kwenye kile kiti, sabuni ikinikauka mashavuni, na yeye amesimama nyuma yangu anasikiliza, hasemi kitu, hanyoi. Nilipomaliza ndipo akaendelea. Na Takwimu alipoanza kusahau majina ya wajukuu wake, alimwambia nani? Spana na mambo yake na mkewe?

— Lakini hebu niambieni, — alisema Takwimu. — Kama maneno yanaponya, sisi hapa tunaongea kila siku, mwaka nenda mwaka rudi. Mbona hatujapona?

— Tunaumwa nini?

— Jibu swali.

— Kwa sababu hakuna anayesikiliza, — alisema Mama Birika. — Mimi namimina tu. Ninyi mnasubiri mwenzenu avute pumzi ili mdakie.

— Si kweli, — Spana akadakia kabla hajamaliza.

Wakati huo mwanamke wa makamo alikuwa amesimama kwenye kona, viatu bapa vyenye vumbi, mkoba begani, anatazama lile kufuli. Kisha akatujia.

— Hamjambo? Shikamoo, mzee.

— Marahaba, — alisema Takwimu. — Karibu, mama.

— Samahani. Ninyi ndio watu wa kijiweni?

— Kama kuna kosa, sisi si wao, — alisema Spana. — Kama kuna chai, ndio sisi.

Mama yule akatabasamu. Alisema ametoka zahanati, kwenye vile vikao vya kuongea, anamtafuta kinyozi. Takwimu alimrukia kama aliyekuwa akimngoja tangu sensa iliyopita.

— Wewe ni wa utafiti! Hebu tupe matokeo. Hiyo tiba ya kuongea, wangapi wanapona kwa mia?

— Utafiti haujaisha, mzee. Wanaomaliza vikao, wengi hupata nafuu. Si wote. Wanaoacha njiani ndio hatujui, labda wamepona, labda wamezidiwa. Ndiyo maana tunawafuata.

— Na Wembe? Yeye yuko fungu gani?

— Habari za mtu siwezi kuzisema, hata kwako. Mimi leo sikuja kwa ajili ya hesabu. Nimekuja kwa ajili ya mtu mmoja.

Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa.

— Hii ametaka mwenyewe, na ametia sahihi. Kwamba nikimkosa mara mbili, niwaulize ninyi. Simu yake imezimwa.

Tukainama wote wanne. Mwandiko wa Wembe naujua, ndio ulioandika "Umefunga" kwenye kibao cha mlango kwa makosa badala ya "Pamefungwa". Penye "mtu wa karibu" aliandika: *watu wa kijiweni, benchi la nje.* Hakukuwa na jina la ndugu hata mmoja.

— Naomba mnielekeze tu, — alisema yule mama. — Nyumbani kwake ni wapi?

Takwimu alimtazama Spana. Spana alinitazama mimi. Mimi nilimtazama Mama Birika, kwa sababu yeye hujua kila kitu, na Mama Birika alikuwa anatazama chini, anafuta kikombe kilichokuwa kikavu.

Miaka kumi na mmoja. Alifika kabla yetu, akaondoka baada yetu. Hakuna aliyewahi kuuliza.

— Hamjui? — yule mama aliuliza taratibu, bila kulaumu. Ingekuwa afadhali alaumu.

— Jioni huelekea kule kwenye mashine ya kusaga, — Mama Birika alisema mwishowe. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya: alizima jiko kabla ya saa nne.

Tulikwenda wote. Mashineni tulimkuta mwanamke mweupe kwa unga mpaka kope. Spana akaanza kumweleza habari za mnyororo; nikamkatiza, nikamuuliza kinyozi anakaa wapi. Akanyoosha kidole. Uchochoro wa pili, nyumba ya vyumba sita, mlango wa mwisho. "Simwoni akichota maji siku hizi," akasema.

Takwimu ndiye aliyebisha hodi. Akabisha tena.

— Nani?

— Sisi.

— Sisi nani?

— Wa kijiweni, — alisema Takwimu.

Kitasa kilichukua muda. Wembe alikuwa na ndevu zilizomfika shingoni, macho yameingia ndani. Alitutazama mmoja mmoja, halafu akamwona yule mama nyuma yetu.

— Kuna nini?

— Hakuna kitu, — nilisema. — Tumekuja tu.

Chumba kilikuwa na kitanda, kiti kimoja na dirisha lililofunikwa kwa shuka. Mama wa zahanati tulimpa kiti. Sisi tulikaa sakafuni, magoti yamegusana. Spana alifungua kinywa, Mama Birika akamfinya, akakifunga.

Wembe alikaa kitandani akitazama mikono yake.

— Siku ile mama alipozidiwa, — alisema, — simu ililia nikiwa na mteja. Niliiona. Nikasema nimalize upande huu kwanza. Nilipomaliza nikapiga, ikawa haipokelewi tena.

Nje kuna mtu alikuwa anafua, tulisikia maji.

— Kwenye vikao nilikuwa nimeanza kulisema. Nikirudi mnanicheka. Nikaona labda kweli ni jambo la kuchekesha.

— Si la kuchekesha, — alisema Takwimu. — Tulikuwa wajinga. Wote, mia kwa mia.

— Tusamehe, ndugu yangu, — nilisema mimi. Spana alikuwa anajifuta macho kwa mkono wenye grisi, akabaki na mstari mweusi shavuni.

Mama wa zahanati alimuuliza Wembe mambo machache, kwa upole lakini waziwazi: kama amekula, kama analala, kama amewahi kufikiria kujidhuru. Nilitaka kutoka nje. Wembe akasema tubaki. Akajibu: kula kidogo, kulala mchana, na hilo la tatu, wazo lilimpitia Jumapili, likaondoka, hataki lirudi. Yule mama akasema basi leo hii wanakwenda zahanati, hawasubiri Jumanne.

— Utakwendaje? — akauliza.

— Kwa baiskeli yangu, — alisema Spana, amekwisha simama.

Na akampeleka. Jumanne iliyofuata pia, na zilizofuata. Daktari alimwongezea dawa juu ya vikao. Sisemi kwamba alipona kama ukuta unavyopakwa rangi. Kuna siku anafungua duka asubuhi, saa sita anafunga, na sisi hatuulizi mara mbili. Mmoja wetu hutembea naye mpaka uchochoro wa pili. Kuna siku kutwa nzima yuko sawa. Mashineni wameshatuzoea.

Jumanne iliyopita ilikuwa ya kikao cha nane, cha mwisho. Tulikuwa benchini, Takwimu kabanwa katikati. Spana alimteremsha Wembe pale mbele, akafunga breki kwa madaha, na hakuweza kujizuia.

— Haya, leo mmeongea nini?

Wembe alijipangusa vumbi la suruali, akachomoa ufunguo mfukoni.

— Hayakuhusu, — akasema. Kisha akacheka, kwa sauti, hata mwanamke aliyekuwa akipita na kapu akageuka.

Spana alisimama pale ameshika usukani, amekasirika na amefurahi kwa pamoja.

— Mmemsikia? — akatuambia. — Mmesikia alivyonijibu?

— Tumesikia, — alisema Mama Birika, akammiminia Wembe kikombe.