Jina Lililoitwa Katika Ukumbi wa Kati

Wasikilizaji wapendwa, leo ni arobaini ya Despo Hadjisavva. Asubuhi, katika kanisa la Waothodoksi hapa Kogarah, kusini mwa Sydney, padri alibariki sinia la ngano iliyochemshwa, yenye komamanga na lozi, na majirani wakaila uani wakiwa wamesimama. Nilikuwepo. Sasa nitawaeleza Despo alikuwa nani, na kwa nini alitaka sana ndege itoke Sydney ifike London bila kutua popote.

Nalirudia hilo kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Bila kutua popote.

Despo alizaliwa katika kisiwa cha Kupro. Mwaka 1974 vita vilikigawa kisiwa, na familia yake ikakimbia. Mama yake, Bi Theopisti, na kaka yake Kokos walifika London wakabaki huko. Despo aliolewa na Mkupro wa Sydney, akaja huku. Mama London, binti Sydney.

Alipata kazi ya uhudumu wa ndege, akaifanya miaka mingi. Wenzake wanasema alikuwa mkali kwa jambo moja: abiria wanaochelewa. Mizigo imeshapakiwa, watu mia tatu wamefunga mikanda, na jina la mtu mmoja linaitwa na kuitwa kwenye kipaza sauti. Kwa watu wa ndege, hakuna aibu kama kuwa mwenye jina hilo.

"Alikuwa akiwasubiri mlangoni amekunja mikono," anasema Darryl Quigg, rubani mstaafu aliyeruka naye mara nyingi. "Mtu anakuja mbio na mfuko wa manukato. Despo anamwambia, 'Karibu, mheshimiwa. Dunia tuliisimamisha kwa ajili yako.'"

Sasa sikilizeni. Mwaka 1993 Kokos alipiga simu kutoka London. Mama ni mgonjwa, mapafu yamejaa maji. Despo akapanda ndege ya kwanza, safari hii kama abiria. Ndege ya London ilikuwa lazima itue njiani, katika mji wa kati. Mji huo Despo hakuutaja tena maisha yake yote, nami sitautaja. Katika ukumbi wa kusubiria ndege ya pili alipata kibanda cha simu. Akapiga hospitalini. Kokos akamwekea mama yao simu sikioni.

Mama alikuwa na fahamu zake.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

"Mkate na jibini."

"Jibini gani huko? Muongo wewe."

Despo akacheka. Hapo kipaza sauti kikaita: Hadjisavva. Mama alikuwa bado anaongea. Kikaita tena. Despo akasema, "Mama, naitwa. Nakuja. Nakuja sasa hivi." Akakata simu, akakimbia. Hakumchelewesha mtu hata mmoja.

Mama alifariki Despo akiwa angani. Aliposhuka London alimwona Kokos mbele ya watu wanaopokea wageni, amevaa shati jeusi.

Tangu siku hiyo jina lile halikuacha kuitwa. Binti yake, Elpida, alikuwa na miaka minane.

"Tukiwa dukani," Elpida ameniambia, "kipaza sauti kikimwita mfagiaji, mama anashika mkoba anasimama. Namwambia, 'Mama, si sisi.' Anasema, 'Najua si sisi.' Lakini hakai. Na nyumbani, ambako hakuna kipaza sauti chochote, anaosha vyombo, mara anafunga bomba. 'Umesikia?' Namwambia sijasikia kitu. 'Haya,' anasema, anafungua bomba tena."

Elpida anasema alifikia hatua ya kuogopa bomba likifungwa.

Miaka ilipita. Shirika alilofanyia kazi Despo likaanza mipango ya kuruka Sydney hadi London moja kwa moja, kama saa ishirini hewani. Despo, karibu astaafu, aliomba kuingizwa katika kundi la maandalizi. Kazi yake ilikuwa taa na chakula. Katika safari kama hiyo abiria anarekebisha saa yake ifuate London mara tu anapokaa. Taa hazizimwi, na chakula kinatiwa pilipili ili asilale, mpaka usiku wa London ufike. Despo alipanga nani ale nini na taa zififie lini. Darryl naye aliletwa kutoa ushauri.

"Despo, hiyo ndege itabeba mafuta mengi kuliko watu," alimtania siku moja mbele ya wote. "Watakaa humo mpaka waote mizizi."

"Waache waote."

"Na wanaokoa saa nne tu. Kwa nauli ile, hasa tunawauzia nini?"

"Tunawaondolea ule ukumbi."

"Ukumbi gani?"

Despo akarudi kwenye orodha yake ya vyakula.

Mimi ni mtu wa kuhakikisha mambo, kwa hiyo nilihakikisha. Kokos anakumbuka vizuri wakati mama yao alipokata roho. Nimeulinganisha na safari ya Despo. Hata kama mwaka ule ndege ingeruka moja kwa moja, asingemkuta mama yake hai. Tena asingeisikia sauti yake kabisa, maana saa zile zote angekuwa angani. Nilimuuliza Darryl kama Despo alilijua hilo.

"Aliishi kwa ratiba za ndege maishani mwake mote," alinijibu. "Unadhani hakuweza kupiga hesabu hiyo? Alijua. Hakutaka kuokoa saa, bwana. Alitaka pasiwe na mahali ambapo mtu anaweza kuambiwa achague."

Despo alisafiri katika ndege moja ya majaribio, viti vingi vikiwa vitupu. Wengine walivaa vifaa vya kupima usingizi. Yeye alikaa macho njia nzima, akitazama kipaza sauti kilicho juu ya kiti chake. Lakini ndege zenyewe zilizoagizwa hazikufika. Zikaahirishwa, zikaahirishwa tena. Despo akastaafu. Mpaka leo mipango ni mipango.

Mwaka huu alipatikana na saratani ya kongosho. Mume wake alikuwa ameshafariki. Elpida anafanya kazi London, na alipoitwa, Kokos, ambaye sasa ana miaka themanini, alimsindikiza uwanjani. Huko alimweleza jambo ambalo hakuwahi kulisema.

"Simu ilipokatika, bibi yako hakuniruhusu niichukue. Aliishika hivi, sikioni. Nikamwambia, 'Mama, imekatika.' Akaniambia, 'Nyamaza. Mtoto anakuja.' Alikufa ameishika."

"Mbona hukumwambia mama?"

"Ningemwambia lini, Elpida? Niambie wewe. Lini?"

Elpida alitua katika mji uleule wa kati. Ukumbi umejengwa upya, lakini ni uleule. Akapiga simu. Hapa Sydney, Darryl alikuwa amekaa kando ya kitanda cha Despo hospitalini. Akamwekea simu sikioni.

"Umekula?" Despo aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Nimekula, mama."

"Muongo wewe."

Hapo, katika ukumbi ule, kipaza sauti kikaita: Hadjisavva. Darryl alikisikia kupitia simu. Anasema Despo alifumbua macho, akasukuma shuka, na miguu yake ikaanza kushuka kitandani.

"Wanatuita," alisema.

"Nasikia, mama."

"Nenda. Mlango unafungwa."

"Acha ufungwe."

"Elpida, watu wamekaa wanakungoja. Si adabu."

"Acha waite, mama. Mimi niko hapa."

Kikaita tena. Kikaita tena. Kisha kikanyamaza. Darryl anasema Despo alisikiliza kwa muda mrefu, kama mtu aliyefunga bomba. Halafu akairudisha miguu yake kitandani, mmoja baada ya mwingine.

"Wameacha," alisema.

Ndege iliondoka bila Elpida. Waliendelea kuongea, kisha Elpida akaongea peke yake. Despo Hadjisavva alifariki simu ikiwa sikioni mwake, upande wa pili ukiwa na mtu. Elpida alifika kesho yake kwa ndege nyingine. Kama angemkuta hai kwa kupanda ile ya kwanza, hiyo ni hesabu ambayo ningeweza kuipiga. Elpida ameniomba nisiipige. Sijaipiga.

Kwa niaba ya kituo hiki, natoa pole kwa Elpida, kwa mzee Kokos kule London, na kwa Bwana Darryl. Mungu amweke Despo mahali patulivu.

Wasikilizaji wapendwa, siku moja ndege hiyo itaruka. Haitatua, na hakutakuwa na ukumbi. Wala hakutakuwa na kibanda cha simu. Lifikirieni hilo. Na wewe ambaye simu yako inaita sasa hivi unaponisikiliza, zima redio uipokee. Kipindi hiki kinaweza kuondoka bila wewe.