Ubeti Uliokatwa na Tangazo la Sabuni

Mgeni rasmi, Bwana Direkta wa redio, pamoja na wote mliosafiri kutoka Baraka,

KARIBU

Sisi wanamuziki wa Kikundi Tulizo tunakupokea Mboko kwa heshima. Viti viko, samaki yuko motoni. Ombi lako kwamba tuimbe upya, mbele ya mashine yenu ya kurekodi, ule wimbo wa tangazo la sabuni, tumelisikia. Hatujalijibu. Sikiliza kwanza.

TULIKOTOKA

Mwenzetu Bertin alirekodi wimbo huo kwa simu, jikoni kwake, mkewe Félicité akitwanga sombe, majani ya muhogo. Ngoma hatukuwa nayo; mchi wa Félicité ndio uliokuwa ngoma. Alitugawia sote wimbo kwenye simu zetu, kisha akaupeleka redioni kwenu kwa flashi. Mtangazaji alimwambia, "Papa, hapa tunapiga ile batu banajua." Flashi ilibaki mezani kwenu.

Bertin alifariki kwa homa. Tulikubaliana sauti yake isisikike mpaka matanga yaondolewe, ili Félicité apate kupumua. Kila mmoja wetu akaufuta wimbo kwenye simu yake, akiamini wenzake wameuweka mahali. Siku ya kuondoa matanga tulitazamana. Hakuna aliyekuwa nao. Simu ya Bertin mwenyewe ilikuwa imekufa kabla yake.

TULIYOYAPATA

Masika yaliyopita Félicité alikuwa akipanga ndakala zake, dagaa wakavu, kando ya barabara. Redio ya dukani kwa Papa Roger ikataja sabuni, halafu mchi ukalia. Aliutambua mkono wake mwenyewe kabla ya sauti ya mumewe.

"Papa Roger, ongeza sauti. Ule ni bwana yangu."

"Mama, ile ni sabuni."

"Niko nakuambia ni Bertin."

"Basi Bertin anafua muzuri," akasema Papa Roger, na wateja wakacheka. Kisha akamwona uso. Akaongeza sauti, lakini tangazo lilikuwa limekwisha.

Leo wimbo unajulikana kuliko Bertin alipokuwa hai. Vijana wa Kilembwe wameupiga harusini. Mama Mukantwari, anayeshuka na maziwa kutoka Bibokoboko, alimuuliza Félicité, "Huyu mutu, kisha pale, anaendelea kusema nini?"

Tangazo hukata wimbo pale ubeti wa pili unapoanza. Ubeti huo Bertin alimtungia Félicité, akamtaja kwa jina, palepale jikoni. Alikuwa akitwanga kwa nguvu, hakushika maneno. Alidhani atayasikia kesho. Sisi tunakumbuka vipande, na kila mmoja ana vyake.

YANAYOTUSUMBUA

Félicité alikuja redioni kuuliza. Akaambiwa wimbo ni wa zamani, hauna mwenyewe. Baada ya hapo tangazo likabadilika: mchi umefifishwa, mpaka utege sikio.

Hatumshitaki mtu. Tunajiuliza tu, aliye na wimbo anakujaje na mashine kuuomba upya? Labda mnataka sauti za watu walio hai, wanaoweza kutia sahihi, ile ya marehemu ipotee. Au labda mlibakiza kipande cha sabuni, mengine mkafuta, kama sisi.

MAOMBI

Hatuombi gita wala spika. Vilikuwemo katika risala hii. Félicité ndiye aliyesema viondolewe.

Tunaomba jina la Bertin litajwe kila tangazo linapopigwa. Tena tunaomba utuambie leo, mbele yake, kama wimbo mzima upo. Amekaa mstari wa kwanza, amevaa kitenge cha bluu. Kama upo, upigwe hapa, pamoja na mchi wake. Kama haupo, sema haupo. Usiseme mtatafuta.

Maana mama huyu hazimi redio tena. Tukimwambia apumzike, anatujibu, "Muniache. Iko siku batasahau kukata."

Mungu akufikishe Baraka salama, na barabara ikukute kavu. Makofi tumeyaweka kando kwanza, tunanyamaza tukusikie.

Ni sisi,
Kikundi Tulizo, Mboko