Kutu Chini ya Rangi ya Fundi Kioo

Wazee wetu, majirani, mafundi wenzake na nyote mliokuja kumsindikiza baba, familia imempa binti yake wa pili kazi ya kuwasomea maisha yake, mumwie radhi akikatiza kusoma, ana mtoto mchanga mgongoni na hofu kifuani.

Baba yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Kioo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkewe, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kituo cha mafuta, akasoma shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara, mwaka 1969 akaingia gereji kujifunza kunyoosha bodi za magari, na mwaka 1981 akafungua yake mwenyewe, ile yenye mlango wa mabati ya bluu mnayoijua wote.

Tarehe 12 Juni 1982 alifunga ndoa na mama yetu, wakajaliwa mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili, na wajukuu watano, wa mwisho ndiye huyu anayeguna hapa mgongoni, na baba alikuwa mtu wa utani, akisema gari kuukuu ni kama mkwe, usilipige nyundo kabla hujalisikiliza, ndiyo maana aligonga kila bati kwa kidole, kwani bati zima hulia, puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, huwa bubu.

Sifa zake zilianza na gari moja tu, gari la zamani la mwalimu mstaafu na mkewe, lililokuwa limeliwa na kutu huku na huku, likatoka gerejini mwaka 1994 linang'aa hata watu wakatania kwamba bibi harusi angejipaka wanja akijitazama kwenye mlango wake, na hapo ndipo jina la Kioo lilipomnasa.

Sasa, hapa ndipo baba zetu wadogo walipotuomba jana turuke, wakasema maiti haivuliwi sanda hadharani, na hawajakosea, aibu hii ni yetu sote tuliokula na kusomeshwa kwa jina hilo, lakini baba alimshika binti huyu mkono akamwambia, "Mwanangu, mimi nimeshindwa kusema, wewe usishindwe, na usome yule mama mwenye gari akiwepo," na neno la anayekufa utamrudishia nani.

Ukweli ni kwamba kizingiti cha chini ya mlango wa abiria baba hakukikata, alipaswa kuondoa kutu mpaka afike kwenye chuma kizima, kisha achomelee bati jipya, yeye alisokomeza waya na magazeti, akakandika puti, akapiga msasa na rangi, kwa sababu wenye gari walikuwa na safari naye alitaka asifiwe kwa kuwahi, na miaka miwili baadaye mke wa mwalimu alikanyaga pale akishuka, kizingiti kikamong'onyoka, akaanguka akavunjika nyonga.

Baba alikwenda kumwona hospitali, wodi imejaa watu, kaka wa mgonjwa akauliza kama kosa si la fundi, na mama yule, pamoja na maumivu yake, akajibu, "Msimsumbue fundi wa watu, gari limezeeka kama mimi," watu wakacheka, na baba akacheka nao.

Alicheka, ndugu zangu, na tangu siku hiyo alizunguka mtaa wa pili ili asipite mlangoni kwao, na ninyi mafundi mnakumbuka alivyowaka akiona mtu anafunika kutu kwa puti, mkasema mzee ana majini.

Agosti 2022 alianza kukohoa, mapafu yalikuwa yamechoka na vumbi la msasa, akalazwa mara kadhaa, na Jumamosi tarehe 4 Novemba 2023, asubuhi, akatutoka akiwa na miaka sitini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea viti na maji, mafundi mliofunga gereji zenu leo, na tunakushukuru wewe, mama, mjane wa mwalimu, uliyekuja na fimbo yako ukakaa mstari wa mbele, ukamlilia baba yetu kabla hujayasikia haya, na kama sasa utataka kuinuka uondoke, tutakupisha njia, hakuna atakayekunyooshea kidole, binti huyu mwenyewe atakushika mkono mpaka getini.

Baba, neno lako limefika. Pumzika kwa amani.