Mutindi, Aliyekataa Nipelekwe Kalama

Ndugu zetu wa Kalama, nanyi mliotoka mbali, mimi ni Onesmus, mtoto wa pili wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, Monica Mutindi Ndunda, nami ninayasoma kifua mbele.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Muthetheni, kifungua mimba wa Mzee Maundu na Mama Kamanthe, akamaliza darasa la saba mwaka 1970 na kidato cha nne mwaka 1974, kisha akafuzu uuguzi mwaka 1978 na kutumwa mjini Machakos, ambako alichanja watoto wa watu kwa miaka ishirini na minane. Tarehe 7 Agosti 1982 alifunga ndoa na Mwalimu Festus Ndunda, hapa Kalama, wakajaliwa Nthenya mwaka 1984, mimi mwaka 1986 na Kanini mwaka 1994.

Surua ilipoingia mjini mwaka 1990, Mama alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza jambo ambalo wengi waliliona ni umbea, nani analala na nani, akagundua kwamba mtoto wa pili huugua siku kumi au kumi na mbili baada ya yule anayelala naye, na kwamba wazazi waliokimbiza watoto wazima kwa nyanya zao walikuwa wakiupeleka ugonjwa mashambani bila kujua.

Februari 1992 Nthenya aliugua, na hapa sifichi kwa sababu Mama mwenyewe hakuficha, yule muuguzi aliyechanja mtaa mzima hakuwa amechanja watoto wake, kila mara akisema wiki ijayo. Susu wetu Nzisa, mama yake Baba, alikuja mjini kunichukua anilete hapa Kalama, nguo zangu zikiwa tayari mfukoni, naye Mama akasimama mlangoni akakataa, akijua kwamba huenda ugonjwa ninao tayari, na kwamba boma hili lilikuwa na wajukuu tisa, mdogo wao wa miezi mitatu. Susu aliondoka bila kunywa chai.

Siku ya kumi na moja, Nthenya akiwa anapata nafuu, mimi nilitoka vipele, masikio yakatoa usaha, na sikio langu la kushoto halijasikia tangu hapo. Kati ya wale tisa hakuugua hata mmoja. Susu alinuna hadi Pasaka, kisha akasimama kanisani akasema, "Huyu bibi ya kijana yangu alininyima mjukuu mmoja, na sasa niko na wote," na mwaka huo ndiye aliyewaongoza kina mama wa Kalama kwenye foleni ya chanjo.

Kinyongo changu kilidumu kuliko cha Susu. Mwaka 2005 nilimuuliza Mama kama angefanya vile tena, akasema angekataa tena, na angelia tena.

Juni 2007 alipatikana na saratani ya tumbo, akaikabili bila kulalamika, na akatuacha asubuhi ya tarehe 3 Agosti 2008, akiwa na miaka hamsini na miwili. Tunawashukuru madaktari waliomhudumia, majirani waliotupikia na kutuchotea maji, na wauguzi wenzake waliokuja leo na sare zao.

Mama, sikukwambia ukiwa hai, basi nasema mbele ya watu hawa wote: ulifanya sawa. Pumzika sasa kwa amani.